Alfajiri ya Uongo na Aliyeisomea Hadi Shahada ya Uzamivu

(Mhadhara uliotolewa kwa wazazi na walimu wa madrasa, Bagamoyo)

  



Nimetakiwa nizungumze juu ya elimu ya vijana wetu. Najua wengi mmekuja mkitarajia mhadhara ule mliouzoea: umuhimu wa kusoma, uvivu wa vijana, na simu za mkononi. Hayo yamesemwa sana, na aliyekusudia kuyasikia ameshayasikia. Mimi nimechagua jambo moja tu, nalo ni alfajiri. Kwa njia ya alfajiri nitawasimulia habari za mwanafunzi mmoja wa fizikia ya nyota, jinsi alivyosoma, mapenzi yake nje ya masomo, na jinsi alivyomaliza shahada yake akiwa na umri wa kuitwa babu.

Kila Ramadhani tunayashuhudia mambo haya. Msikiti huu umeadhini, na msikiti wa pili mtaani bado watu wanakunywa maji. Kalenda moja inasema hivi, nyingine imeongeza dakika sita, ya tatu imepunguza kumi. Vijana wanabishana barazani, kila mmoja na karatasi yake mkononi, na wengine hufikia kutoleana maneno yasiyofaa. Lakini pwani iko hapo hapo, hatua mia mbili kutoka barazani, imeelekea mashariki ambako alfajiri hutoka. Hakuna anayekwenda kutazama.

Ugomvi huo chanzo chake si fitina za watu, ni hesabu. Watunga kalenda hawaikadirii alfajiri kwa kukisia. Wanahesabu jua liko nyuzi ngapi chini ya upeo wa macho. Wapo wanaochukua nyuzi 18, Mamlaka ya Misri inachukua 19 na nusu, kalenda ya Ummul-Qura ya Makkah inachukua 18 na nusu, na Waislamu wa Amerika ya Kaskazini kwa muda mrefu wametumia 15. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, kila uzi mmoja ni dakika nne na kidogo. Baina ya 18 na 15 kuna dakika kumi na mbili au kumi na tatu, na katika dakika hizo mtu hula daku akashiba. Basi si jambo la kuamuliwa kwa sauti kubwa. Linahitaji mtu aliyepima.

Alfajiri mbili

Kila mwanafunzi wa fiqhi amesoma kwamba alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri ya uongo: weupe mwembamba unaopanda wima kutoka upeo wa mashariki, ambao Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa mwitu. Hiyo haiharamishi chakula kwa mfungaji wala haihalalishi swala ya Alfajiri. Ya pili ni alfajiri ya kweli: weupe unaotandaa kwa upana, kushoto na kulia, na ukishatoka hauondoki bali huzidi mpaka jua lichomoze. Mnaijua habari ya Adiyy bin Hatim (r.a.), aliyeweka kamba mbili chini ya mto wake, nyeupe na nyeusi, akawa anazitazama usiku apate kuzipambanua, hadi Mtume (s.a.w.) alipomfahamisha kwamba makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Na mnajua kwamba Bilal (r.a.) alikuwa akiadhini kungali usiku, na adhana ya kuzuia kula ilikuwa ya Ibn Ummi Maktum (r.a.). Watu wale waliijua mbingu yao.

Vitabu vyetu vimetueleza jinsi alfajiri ya uongo inavyoonekana. Asili yake havikuieleza, kwa kuwa mfungaji haihitaji ili afunge. Lakini anayetaka kuzitenga alfajiri mbili kwa kipimo, dakika kwa dakika, anaihitaji.

Asili yake ni vumbi. Katika anga iliyo baina ya sayari kumejaa punje ndogo sana, nyingi zikiwa laini kama unga, zilizomwagwa na nyota zenye mkia na zilizotokana na miamba izungukayo jua inapogongana. Punje hizo zimetandaa katika bapa lile lile ambamo sayari zinazunguka. Jua likiwa bado mbali chini ya upeo, miale yake haijafika katika hewa yetu, lakini vumbi hilo la mbali limeshaangazwa, nasi tunaliona kama mnara wa weupe hafifu. Kwetu sisi watu wa karibu na ikweta bapa hilo husimama karibu wima, na ndiyo maana mnara unasimama vizuri. Uingereza, kwa sehemu kubwa ya mwaka, huinama na kupotea katika ukungu na katika mapambazuko yao marefu.

Mpiga gitaa

Sasa nimfikie mwanafunzi mwenyewe. Ndugu zangu, msishtuke: mtu huyu ni mpiga gitaa, tena mashuhuri duniani. Jina lake Brian May, wa kundi la Queen la Uingereza, ambalo mwimbaji wake alizaliwa Unguja mwaka 1946. Msimamo wetu katika muziki mnaujua, na sikuja kuujadili leo. Nimekuja na shahada yake, kwa sababu vumbi alilolisomea mtu huyu ndilo linalotoa alfajiri ya uongo.

Alizaliwa Hampton, pembezoni mwa London, mwaka 1947, mtoto wa pekee. Baba yake, Harold, alikuwa mchoraji wa mitambo serikalini, mtu wa mikono yake. Nyumba haikuwa ya kitajiri. Mtoto alipotaka darubini, baba na mwana walikaa wakaitengeneza wenyewe. Alipotaka gitaa, na la dukani likawa ghali, mwaka 1963 walianza kuliunda kwa mbao za fremu ya jiko la zamani la kuotea moto, springi za pikipiki, na vifungo vya lulu kutoka katika kikasha cha ushoni cha mama yake. Iliwachukua takriban miaka miwili. Gitaa hilo ndilo alilolipiga maisha yake yote.

Mimi gitaa silihitaji, lakini ile miaka miwili naihitaji. Baba anayerudi kazini amechoka, akakaa na mwanawe meza moja akipima kwa rula na kuipiga msasa mbao ile ile jioni baada ya jioni, amemfundisha jambo ambalo shule haikulifundisha: kwamba kitu kigumu hugawanywa vipande, na kila kipande kina siku yake. Utafiti wa shahada ya uzamivu si kitu kingine zaidi ya hicho.

Mwaka 1965 aliingia Imperial College ya London kusoma fizikia, na mwaka 1968 akapata shahada ya kwanza. Mwaka 1970 akaanza utafiti wa uzamivu katika chuo hicho hicho. Swali alilopewa lilikuwa hili: vumbi linalotoa weupe ule linakwenda wapi, na kwa kasi gani?

Mtasema, vipi mtu apime mwendo wa vumbi lililo mamilioni ya kilomita mbali naye? Simameni barabara ya Msata, basi lije linapiga honi. Likikujia sauti ni nyembamba, likikupita inakuwa nene. Mwanga nao una tabia hiyo: kinachokujia rangi zake husogea kidogo upande wa buluu, na kinachokwenda zake husogea upande wa wekundu. Katika mwanga wa jua kuna mistari mieusi inayojulikana mahali pake. Vumbi linapoakisi mwanga wa jua huakisi na mistari hiyo, na ikiwa mistari imesogea, kiasi ilichosogea ndicho kipimo cha mwendo. Chombo kinachopima hivyo alikipeleka kisiwa cha Tenerife, mlimani, mahali palipo juu ya mita 2,000, penye giza na hewa kavu, akakesha huko usiku baada ya usiku akiingoja alfajiri ya uongo. Niliposoma habari hii nilitafakari sana: kijana asiyefunga Ramadhani, akikesha kileleni kuipima alfajiri isiyoharamisha daku.

Kazi yake ilizaa makala mbili katika majarida ya kitaalamu, mwaka 1972 na 1974. Kwa muda alifundisha hisabati katika shule moja ya London ili apate pesa za kujikimu. Kisha kundi lake la muziki likapata umaarufu, safari zikawa nyingi, na mwaka 1974 tasnifu ikiwa inakaribia kwisha akaiacha. Hapa ndipo wengi wetu tungeandika: basi, amepotea, mapenzi yake yamemla. Na kwa miaka 30 hukumu hiyo ingekuwa sahihi.

Mwaka 2006 alirudi chuoni. Mtu mwenye mali na jina angeweza kuomba shahada ya heshima, vyuo hugawa shahada hizo. Yeye aliandikishwa kama mwanafunzi, akapewa msimamizi, Profesa Michael Rowan-Robinson, na akatakiwa asome yote yaliyoandikwa juu ya vumbi hilo tangu alipoondoka, kisha aichambue upya kazi yake ya ujanani. Mwezi Agosti 2007 aliketi mbele ya watahini. Alikuwa ameshatimiza miaka 60. Alipasi, na Mei 2008 akavishwa joho. Tasnifu yake ilionyesha kwamba kwa sehemu kubwa vumbi hilo linazunguka jua kwa mwelekeo ule ule wa sayari.

Kuna jambo katika kisa hiki linalonisumbua, nanyi nataka liwasumbue. Imewezekanaje tasnifu iliyolala kabatini zaidi ya miaka 30 isipitwe na wakati? Mwenyewe ameeleza: katika miaka hiyo ni wachache mno waliolishughulikia vumbi hilo. Wataalamu walikimbilia mambo yenye fahari zaidi. Sasa, ni nani duniani aliyekuwa na haja ya kweli ya kuujua mwanga huo zaidi ya sisi, tunaofunga na kuswali kwa kuutenga na ndugu yake? Sisemi kwamba Waislamu hawakufanya kitu. Watafiti wa kituo cha Helwan cha Misri wameupima mwanga wa alfajiri jangwani kwa miaka mingi. Nazungumzia hapa kwetu, pwani hii, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Saadani. Tuna ufukwe mrefu ulioelekea mashariki, na katika kisomo chetu sijamwona mtoto aliyeambiwa: huu utafiti ni wako.

Wenzetu waliopima

Mfano mmoja wa karibu zaidi na sisi ni Indonesia. Huko kuna jumuiya ya Kiislamu ya islahi iitwayo Muhammadiyah, iliyoasisiwa Yogyakarta mwaka 1912 na Ahmad Dahlan, ambaye alijulikana pia kwa kuwasahihishia watu kibla kwa hesabu. Nchi ile ilikuwa ikitumia nyuzi 20 kwa alfajiri. Vikazuka malalamiko kama ya kwetu kwamba adhana inatangulia. Muhammadiyah ina vyuo vikuu vyake, na ndani ya vyuo hivyo ina vituo vya kutazama anga. Wakatuma watu wenye vyombo, wakapima mwanga wa mbingu sehemu mbalimbali, asubuhi nyingi, wakaleta matokeo mbele ya wanazuoni wao. Mwezi Desemba 2020 baraza lao likaamua kuhama kutoka nyuzi 20 kwenda 18, yaani kuchelewesha Alfajiri kwa dakika nane hivi. Serikali yao ilibaki na 20. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane, lakini tazama jinsi mjadala wao ulivyokwenda: faqihi ameketi upande huu, mwenye shahada ya fizikia upande ule, na wote wawili wametoka katika nyumba moja.

Na hilo si jipya kwetu. Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus ulikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kuhesabu nyakati, muwaqqit. Katika karne ya 14 kazi hiyo ilishikwa na Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375. Aliuwekea mnara saa ya kivuli ya marumaru, na hesabu alizozitunga za mwendo wa mwezi zinalingana na zile zilizokuja kuandikwa Ulaya na Copernicus zaidi ya miaka 150 baadaye. Mshahara wake ulitoka msikitini. Leo msikiti unamlipa imamu kwa taabu, muadhini haulipi kabisa, na nyakati unazinunua zimechapwa.

Hofu ya wazazi

Wapo watakaosema: Ustadh, umeanza kutupeleka kwenye unajimu. Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa imetokana na yale tuliyoyaona. Katika pwani yetu neno falaki limechafuliwa. Ukimwambia mama mmoja kwamba mwanawe anasoma nyota, atadhani ameingia katika kupiga ramli, kutazamia watu ndoa na safari, na kuuza hirizi. Wanazuoni walikwishalitenga jambo hili zamani. Kuna elimu ya kudai kwamba nyota zinaathiri riziki na ajali za watu, hiyo ni haramu na ni uongo. Na kuna elimu ya mwendo wa nyota, ambayo kwayo hujulikana kibla, nyakati na njia za baharini, hiyo imeruhusiwa, na baadhi yake ni faradhi ya kutoshelezana. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume (s.a.w.), akiwa katika huzuni ya mzazi, alikataa kusema hivyo, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Wenye hesabu za anga wamelirudisha tukio hilo hadi 27 Januari 632. Hesabu hizo haziagui kitu, ni mwendo aliouweka Allah ukasomwa kinyumenyume.

Wala elimu hii si ya kigeni kwa watu wa Bagamoyo. Mvuvi wa Mlingotini anajua bamvua na maji mafu, na anajua kwamba yote mawili yanafuata mwezi. Wazee wakulima waliitazama kilimia ndipo waanze kulima, na jina lake linatosha kuwa ushahidi. Manahodha waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi walipima kwa vidole urefu wa nyota ya Jaah juu ya maji, ikawa kadiri wanavyoshuka kusini inazama, hata ikifika mwambao wetu haionekani tena, nao wakashika nyota nyingine. Na leo mwanafunzi wa London akisema Aldebaran, Rigel au Fomalhaut, anatamka Kiarabu bila ya kujua: ad-Dabaran, ar-Rijl, Fam al-Hut. Mtoto wetu wa madrasa anazijua tafsiri za majina hayo kabla hajaziona nyota zenyewe.

Wazazi wa mabinti nao wana haki ya kusikia lao. Mwaka 1967, huko Cambridge, mwanafunzi wa uzamivu, Jocelyn Bell, ndiye aliyeona katika karatasi za chombo alichoshiriki kukijenga alama ndogo ambayo wengine wangeipuuza, na ikawa ni ugunduzi wa nyota zinazopiga kwa mapigo kama moyo. Binti huyo alipokuwa shule huko Ireland ya Kaskazini, wavulana walipelekwa maabara na wasichana wakapelekwa jikoni. Wazazi wake walikwenda shuleni kulalamika. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya dola milioni 3, akazitoa zote ziwasomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia wanaotoka katika makundi yasiyopata nafasi.

Na mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, mwaka ule ule May alioanza utafiti wake, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mbingu kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani wenye chombo wakakiita Uhuru. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu limo katika vitabu vyao vyote, na bahari ni hii hii.

Njia yenyewe

Basi mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili, njia iko hivi. Asiiache fizikia anapoingia kidato cha tatu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapofunga mlango wenyewe kwa kukimbilia masomo mepesi. Kidato cha tano na sita achukue fizikia, kemia na hisabati, au fizikia, jiografia na hisabati. Kisha shahada ya kwanza ya fizikia, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitoa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kimekuwa na Dkt. Noorali Jiwaji, ambaye kwa miaka mingi amewaelimisha Watanzania juu ya anga. Jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016 na watu wakamiminika Rujewa, mkoani Mbeya, yeye alikuwa miongoni mwa waliowaeleza wananchi kinachotokea na namna ya kutazama bila ya kupofuka. Kwa uzamili na uzamivu wa nyota, Uganda kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na Afrika Kusini kuna mpango wa kitaifa wa fizikia ya nyota ulioanza mwaka 2003, ambao umesomesha vijana wa nchi nyingi za Afrika.

Tangu kidato cha nne hadi uzamivu ni miaka kumi, na mara nyingi zaidi. Sitawaficha hilo. Katika miaka hiyo mwenzake ameshafungua duka, ameoa na ana watoto wawili, na mjomba atauliza: huyu mtakula nyota? Jibu ni kwamba anayejifunza kupima mwendo wa vumbi la mbinguni amejifunza hesabu, kompyuta na vyombo, na kwa hivyo kazi hakosi hata kama nyota zimemkatalia. Lakini tusimdanganye kijana kwamba ni njia ya utajiri. May mwenyewe utajiri hakuupata katika vumbi.

Na kuhusu mapenzi ya mtoto nje ya kitabu, naomba walimu wenzangu tuwe na subira. Yupo anayefungua redio mbovu, yupo anayechora mashua, yupo anayejua pepo zote kwa majina kwa kuwa amekua ngalawani. Tumezoea kumwita mtoro. Muulizeni kwanza alichokiona.

Walimu kadhaa tumekubaliana kwenda kutazama wenyewe. Tutakwenda kipupwe, masika yakishaisha na mbingu ikitakata, katika siku za mwanzo za mwezi mwandamo, kwa sababu hapo mwezi unakuwa umeshatua zamani na asubuhi ni giza tupu. Tutakaa ufukweni kupita Kaole, mbali na taa. Anayetaka awe hapo saa kumi kasorobo ya usiku. Akielekea mashariki, mwanga wa Mji wa Unguja utakuwa kushoto kwake na wa Dar es Salaam kulia. Hiyo isimghuri, kwani taa za miji hazipandi wala hazitandai, zimekaa pale pale usiku kucha. Darubini haihitajiki. Simu izimwe, maana jicho linataka zaidi ya dakika ishirini gizani kabla halijaanza kuona, na mwanga wa simu moja unawaharibia wote. Kila mtu aje na saa, daftari na kalamu, aandike peke yake bila ya kumuuliza jirani: dakika aliyouona weupe uliosimama, na dakika aliyouona weupe uliotandaa. Vijana wa kidato cha tatu na cha nne waje na baba zao. Madaftari nitayakusanya baada ya swala.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.